Nguo za Watu, Samaki wa Jirani

Shamsia binti Salum alikuwa na kanuni moja nyumbani kwake Mkolani: nguo ya mteja ikiwa ndani, samaki hapikwi. Asiletwe mbichi, asiletwe wa kukaanga, wala dagaa wa kuungwa na nyanya. Maharage, sawa. Matembele, sawa. Mayai, kama kuku wametaga. Lakini chochote kilichotoka ziwani kilikomea nje ya mlango wake, na aliishika kanuni hiyo miaka yote ambayo watoto wake walikuwa wadogo.

Kanuni yenyewe ilikuwa na asili yake. Wakati Raya, binti yake wa kwanza, angali anabebwa mgongoni, Shamsia alishona sare za harusi za ukoo mmoja wa Igoma. Cherehani ilikaa sebuleni, jiko la mkaa barazani, na nguo zilizokamilika zilitundikwa kwenye kamba iliyokatiza chumba. Mchana alikaanga dagaa kama watu wote wa mji huu wa kando ya ziwa. Jioni akaja Sabina, shangazi wa bibi harusi, pamoja na wenzake. Akachukua gauni lake, akalisogeza puani.

"We fundi," akasema, "hili gauni la harusini au la mwaloni kwa wavuvi?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Dada yangu, nitalifua sasa hivi, nitalipiga pasi..."

"Ufue nini wewe? Nikisimama ukumbini watu watakuja kuniuliza kisado cha dagaa bei gani!"

Wakachukua magauni yao na kuondoka, mmoja ameziba pua kwa ncha ya kanga. Shamsia alibaki mlangoni na mtoto mgongoni, amejaa aibu. Kanuni ikawekwa siku hiyo.

Kwa hilo hatuwezi kumlaumu. Kitambaa cha mtu ni amana, na fundi anayeirudisha amana ikinuka amevunja uaminifu. Ni wangapi wanaoshonea watu nguo wakazirudisha zimechafuka, au wamedokoa kitambaa, na hawaoni haya? Shamsia aliona haya, na hiyo ni sifa yake. Kosa lake lilianzia pengine. Kanuni ilisema "nguo ya mteja ikiwa ndani," naye alikuwa fundi hodari, kwa hiyo nguo za wateja hazikuisha ndani hata siku moja. Alichokihesabu kuwa katazo la muda kilikuwa katazo la maisha, wala hakutaka kukaa chini akalitazama na kuliita kwa jina lake.

Mumewe, Muharami, aliyeuza vifaa vya ujenzi Mkuyuni, hakubishana naye. Alikula samaki wake kwa mama lishe wa sokoni na kurudi nyumbani ameshiba. Watoto hawakuwa na mama lishe. Walikuwa na Truphosa.

Truphosa alipanga nyumba ya jirani, ng'ambo ya uzio wa michongoma. Alikuwa mwanamke wa Mara, mke wa mvuvi aitwaye Okomo, na mama wa msichana mmoja, Favour, rika la Raya. Kwake samaki hakukosekana. Raya alianza kwenda kucheza, akakaribishwa, akala. Khalidi alipozaliwa na kuanza kutembea, naye akafuata nyayo za dada yake. Shamsia alipowaita saa ya chakula walikuja, wakakaa, wakachovya maharage tonge mbili tatu, kisha wakasema wameshiba.

"Mama Favour, unanishibishia watoto," alimwambia siku moja kupitia uzio.

Truphosa akacheka. "Samaki hachinjwi, Mama Raya, usiogope. Sijawalisha kibudu."

"Sijasema hivyo. Nasema wakirudi hawakitaki changu."

"Basi wapikie samaki! Nina sanduku la bati limekaa bure humu ndani. Lichukue, tia nguo za watu, funga kifuniko, pika chakula chako kwa raha."

"Nguo ya harusi niikunjekunje sandukuni kama mitumba?"

"Si utaipiga pasi? Kwani pasi yako ina kazi gani nyingine?"

Shamsia akageuka. Akarudi kwenye cherehani yake. Tusidanganyane: hakukataa kwa sababu ya mikunjo. Alikataa kwa sababu ushauri ulitoka kwa mwanamke ambaye kanga zake mwenyewe zilinuka ziwa. Kilikuwa kiburi, ingawa yeye alikiita usafi.

Mwaka ambao Khalidi alianza shule ya awali, Bibi Zakia, mama yake Muharami, alikuja kutoka Ukerewe kuwasalimia. Alishuka na kapu la sato waliofunikwa majani ya mgomba, na hakutaka hata kupumzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niletee kisu na beseni. Leo wajukuu zangu wanakula mkono wa bibi yao."

Shamsia akaitazama kamba. Ilikuwa imejaa sare za vitenge za kikundi cha akina mama, zikingoja vifungo.

"Mama, tusubiri kesho. Wenyewe wakishachukua nguo zao..."

"Samaki anasubiri kesho?"

"Tutaomba tuwaweke kwenye friji la pale dukani."

Bibi Zakia akamtazama, akaitazama na kamba. "Mama Raya, hebu niambie. Nyumba hii mnaishi ninyi, au zinaishi hizi nguo?"

Mwanamke mzee akanyanyua kapu lake, akamshika Khalidi mkono, akazunguka uzio kwenda kwa Truphosa.

Mchana ule Shamsia alishona vifungo huku anasikia kila kitu. Alimsikia bibi akimwelekeza Raya namna ya kupara magamba kuanzia mkiani, Favour akilalamika kwamba yamemrukia machoni, na Khalidi akicheka hadi anakosa pumzi. Harufu ya nyanya na vitunguu ikapenya michongomani. Aliinuka, akafika mlangoni, akarudi. Alijiambia akimaliza kifungo hiki atakwenda, kisha akasema kile kingine. Alipokata uzi wa mwisho, kule walikuwa wanaosha vyombo.

Bibi hakulizungumza tena jambo hilo muda wote aliokaa. Siku ya kuondoka, wakiwa uani wanamngoja Muharami aje kumsindikiza kivukoni, aliinama kwa Khalidi kwa utani wao wa kawaida.

"Mume wangu, safari nyingine nikuletee nini?"

"Samaki, bibi."

"Haya, samaki."

"Ila umpelekee Mama Favour. Mama huyu hapiki, anashona."

Mtoto hakusema kwa ubaya. Alisema kama angesema kwamba baba yuko dukani. Bibi Zakia akageuka upande, akajishughulisha na fundo la kanga yake, na Shamsia akaona kwamba mama mkwe wake anamwonea huruma. Angependelea kugombezwa.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kuliomba sanduku. Truphosa, ambaye kwa kawaida hakuachia nafasi ya utani impite, safari hii aliingia ndani moja kwa moja kulivuta. Walilibeba wote wawili, kila mmoja upande wake. Nguo zikakunjwa, zikaingia zote, kifuniko kikafungwa, na kazi nzima ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Shamsia akaketi juu ya lile sanduku na kulitazama jiko lake barazani. Jambo lililokuwa limemshinda tangu Raya akiwa mgongoni lilikuwa dogo kiasi hicho.

Kesho yake alinunua sato, akampara mwenyewe, akamchemsha na nyanya na bilinganya, akasonga ugali wa muhogo ukakaa vizuri. Akaita watoto. Walikuja wamekwisha kunawa, wakaketi mkekani, miguu wameikunja. Shamsia akachagua kipande kinono cha katikati, akaanza kumtolea Khalidi miiba.

"Mama, najua mwenyewe."

"Utakwamwa, mwanangu."

"Sikwamwi. Unapapasa na kidole hivi, halafu unatafuna polepole. Mama Favour alinifundisha."

Shamsia akaiachia sahani. Raya akamtazama mdogo wake, kisha mama yake, na akasema kwa upole, kama mwenyeji anayemsaidia mgeni ambaye hajazoea nyumba:

"Mama, Khalidi huwa anapewa kichwa. Hicho cha katikati hakipendi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Akampa kichwa. Khalidi akala vizuri, akafyonza kila mfupa, hakudondosha kitu. Alipomaliza akasema, "Ahsante mama, chakula kitamu," vile watoto wanavyofundishwa kusema wanapokula kwa watu, kisha akaomba ruhusa ya kuondoka.

Tangu hapo samaki hupikwa nyumbani kwa Shamsia, na nguo hukaa sandukuni. Watoto hula, hawalalamiki, hawabakizi. Bibi Zakia amekuja mara nyingine, na amepika kwenye jiko la mkwewe. Raya sasa yuko sekondari ya bweni. Akifunga shule humwamkia mama yake kwa adabu zote, huweka begi, husaidia kukoka moto wa jiko kama kuna haja, halafu huvuka kwenda kufunua sufuria ya Truphosa aone kuna nini. Akipatwa na jambo la kike, huanzia huko pia. Shamsia hajawahi kumkataza. Atamkataza kwa haki ipi? Hukanyaga cherehani yake, husikia vicheko vile vile vya ng'ambo, na anajua kwamba mtoto hakuchukuliwa na mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwelekeza huko, mlo baada ya mlo.

Hakuna mteja aliyerudi tena kwake kulalamikia harufu. Watoto wake wawili walilelewa na mkono wa mwanamke mwingine, uzio mmoja kutoka mlangoni pake, na utoto wao hautarudi aulee yeye.