Siku Nilipoukalia Mpira wa Pampu

Iko siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mjukuu wangu, nayo ni siku baba yako alipotoka jandoni. Kaa kitako nikusimulie. Hicho kipimo cha chumvi ulichokiweka mlangoni, eti kesho unakirudisha kwa watu wa maji, kiache kwanza hapohapo. Nimesikia walivyokusema. Unaringa, umewafungia watu kisima, umepewa kamashine unajiona daktari. Maneno hayo niliambiwa mimi kabla hujazaliwa, tena na mama zao haohao wanaokusema wewe.

Kijiji chetu unakijua, huku kwenye njia ya kwenda mdomo wa Ruvuma. Bahari ile pale, kisima hiki hapa. Hiki cha karibu na msikiti alikichimba babu yake mama yangu, na maji yake sote tuliyajua kuwa matamu. Miaka ya tisini akaja Bwana Maji, kijana mpole wa kutoka Iringa, pikipiki yake imejaa vumbi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kupima mito, mabwawa na visima, na kwa kuwa asingeweza kuwa kila mahali, kila kijiji alitafuta mtu wa kumsaidia. Kwetu alinichagua mimi. Nadhani ni kwa sababu nilimuuliza maswali mpaka akachoka.

Alinifundisha kushusha kamba ili nijue maji yako chini kiasi gani, na kushusha waya wa kipimo ili nijue chumvi. Akanieleza kwamba chini ya maji yetu kuna maji ya bahari yaliyojipenyeza mchangani, na yale matamu yameyakalia juu, kama tui zito linavyopanda ukiliacha litulie. Ukichota taratibu, unapata tui. Ukivuta kwa pupa, ya chini yanapanda, na yakishapanda, kuyashusha si kazi ya leo wala kesho.

Basi, jando likafika mwisho. Wavulana wa ukoo walikuwa kumbini, baba yako akiwa mmojawapo, na mwenye shughuli alikuwa mjomba wangu Chande, kaka yake mama. Kwetu mjomba unajua ni nani: watoto wa dada zake ni wake, na akishasema amesema. Wageni walikuwa wanakuja hata kutoka Mpapura, mbali kule. Wavulana waogeshwe, ubwabwa upikwe, watu watawadhe. Mjomba akaona wanawake tutakufa kwa kuvuta ndoo, akaenda mjini kuazima pampu ya dizeli. Alitaka kutusaidia, lazima niseme haki yake. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo.

Pampu ile ilinguruma tangu jana yake. Asubuhi ya sherehe nikashusha waya wangu, chumvi imepanda. Nikangoja pipa jingine lijae, nikashusha tena, imepanda zaidi. Nikaenda kwa mjomba, nikapiga goti, nikamwambia kwa sauti ya chini ili nisimwaibishe.

"Mjomba, kisima kinaingia chumvi. Tuizime pampu kipumzike. Maji ya leo tuyafuate kisima cha mlimani."

"Kule mbali? Leo? Ili wageni waseme Chande kaita watu, hana hata maji ya kuwapa?"

"Tusipoizima leo, mjomba, hatutakuwa na kisima."

"Somoe, nenda jikoni."

Sikwenda. Mimi mbishi tangu nikiwa tumboni, mama yangu alisema hivyo mpaka anaingia kaburini. Nilikwenda moja kwa moja kisimani, nikauvuta mpira wa pampu ukatoka majini, nikaukunja, nikaukalia. Pampu ikabaki inapiga kelele za bure mpaka kijana wake akaizima. Hebu nione nilivyokuwa: mama wa mtoto anayetoka jandoni, doti mpya ya kanga, wanja machoni, hina mikononi, nimekaa kwenye tope kama kuku anayeatamia!

Loh, nilivyosemwa! Wifi yangu mkubwa akaja na mwiko mkononi, "Jamani, huyu kaingiwa na nini? Mtoto wake mwenyewe anatoka leo!" Mama yangu akajifunika uso kwa kanga, na hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi yote. Mjomba akaja akasimama mbele yangu.

"Inuka."

"Heshima yako iko kichwani kwangu, mjomba. Lakini siinuki."

Nilikuwa naogopa, mwanangu, usidhani nilikuwa shujaa. Ila nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kisima cha wazee wetu hakitafia mikononi mwangu huku nakitazama na kipimo chake ninacho.

Wakati wote huo mkwewe mjomba, mzee wa Mpapura, alikuwa amekaribishwa maji ya kisima hicho barazani, hapo hapo kando yetu. Akapiga funda moja, akakiweka chini kikombe polepole. "Ahsante, mkwe, kiu imekatika." Ala! Mtu katoka Mpapura juu ya lori na jua lile, kiu ikatike kwa funda moja? Mjomba akakichukua kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakitazama.

"Mbona matamu haya?"

Ndipo akasimama bibi yangu Asumini, mama yake mjomba. Alikuwa mzee wa kutembelea fimbo. "Matamu kwako wewe, Chande. Yamebadilika kidogo kidogo kwa miaka, hata kabla ya pampu hii, na ulimi wako ukabadilika nayo. Mkweo ndiye anayeijua chumvi yetu, ila ana adabu." Mjomba akamwashiria kijana wa pampu afungashe vitu vyake.

Nikadhani nimeshinda. Nikaanza kutabasamu pale kwenye tope. Bibi akanigeukia, na jicho lake lilikuwa kali kuliko la mjomba.

"Na wewe umekaa hapo kama nani? Watu umewafungia maji, sawa, umefanya vizuri. Ndoo yako iko wapi? Nani unamngoja akapande mlima, mimi?"

Nikainuka. Nikatafuta ngata, nikabeba ndoo na doti yangu ile iliyochafuka, nikashika njia ya mlimani. Nyuma nikasikia mtu ananung'unika, kumbe ni wifi yangu na ndoo yake. Nyuma yake wakaja wengine. Tulipanda na kushuka asubuhi nzima. Na nilipokuwa katikati ya njia, ndoo kichwani, ndipo niliposikia vigelegele. Wavulana wametoka. Nililia, mwanangu, nililia kwelikweli, na ndoo sikuitua.

Baba yako mpaka leo hunitania kwamba siku yake kubwa mama yake hakuwepo. Aliogeshwa kwa maji niliyoyabeba, huwa namjibu.

Mjomba hakuniomba radhi, na sikutaka aniombe. Mvua zilipokuja, chumvi ikaanza kushuka taratibu, na kuanzia hapo mtu akija kutaka kuweka mashine kisimani, mjomba alikuwa na swali moja tu: "Mmemuuliza Somoe?" Watu wa kitongoji cha jirani waliendelea na mashine yao. Kisima chao leo hata mbuzi wanakipita.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kipimo hurudishi. Utapima hata siku ambayo hupendi utakachokiona, na ukikiona utakisema mchana, mbele ya mwenye neno lake, kwa adabu, wala hutarudi nyuma akikukaripia. Usiuamini ulimi wako, umezaliwa hapa. Na ukishawafungia watu, usiende kukaa kivulini na funguo. Wewe ndiye wa kwanza kubeba ndoo, wao wakuone shingo yako inavyouma. Hapo hata anayekutukana atakufuata, kwa kunung'unika, lakini atakufuata.

Mungu akupe mdomo usiotetemeka na shingo ya kubebea maji. Visima unavyovilinda viwanyweshe wanao na wana wa hao wanaokusema leo, na wasijue kamwe ladha ya chumvi.

Haya, inuka. Mlimani ni mbali na jua linapanda. Ndoo yangu ile pale nyuma ya mlango, nipe. Wewe chukua ile kubwa, utangulie. Mimi nakuja nyuma yako, polepole.