Bwawa Lililougua Kabla ya Ukaguzi

Sasa tunacheka, lakini wiki ile shangazi yangu alikonda mpaka kanga ikawa inamdondoka.

Yeye ndiye anayetunza mabwawa matatu yanayopokea maji machafu ya kijiji kizima, ya vyooni, ya jikoni na ya kuogea. Kila asubuhi huanzia kwenye wavu wa chuma, pale bomba linapoingia, akiopoa kwa reki vitambaa, nywele, na mara moja meno ya bandia ambayo mwenyewe hajajitokeza mpaka leo. Kisha huzunguka kingo akitazama rangi. Maji yakiwa ya kijani, huenda zake akiimba. Ameifanya kazi hii miaka kumi na minne.

Mkaguzi wa maji alipotangaza kwamba angekuja baada ya siku tisa, majirani waliamua kumsaidia bila kumwambia. Asubuhi moja kila nyumba ilimimina chooni dawa ya kuondoa madoa, ili maji yafike bwawani yakinukia vizuri.

Siku ya tatu shangazi alirudi nyumbani, akaketi kizingitini.

"Limekufa," alisema.

Mume wake aliruka. "Nani amekufa?"

"Bwawa la kwanza."

"Ah! Umenikata maini, mwanamke."

Lakini haukuwa mzaha. Maji yalikuwa ya kijivu, na harufu ilikuwa imefika mpaka shuleni. Mkaguzi hupima mabwawa yote. Akikuta moja limekufa, hufunga bomba, na kijiji kingerudi kwenye vyoo vya shimo, vile vilivyokuwa vikifurika kila masika na kumwagikia visimani.

Wifi yake, mshonaji, alifika akiwa na tabasamu pana.

"Wifi, mwaka huu mkaguzi atanusa maua tu!"

"Mlimwaga nini?"

"Dawa ya madoa. Mimi chupa mbili, si unajua kwangu tuko wengi."

Shangazi alishika kichwa. "Mle ndani kuna vijidudu vinavyokula uchafu, wifi. Ndio wafanyakazi wangu. Mmewanywesha sumu wote!"

"Jamani! Sasa sisi tungejuaje kama umeajiri?"

Shangazi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka mpaka machozi. Halafu alifunga kanga kiunoni.

Alipita nyumba kwa nyumba kuomba kitu kimoja: hata tone la dawa lisiingie chooni. Bwawa la pili lilikuwa bado kijani, kwa kuwa sumu ilikuwa haijalifikia. Akawapanga wanawake mstari, ndoo zikapita mkono kwa mkono kutoka bwawa la pili hadi la kwanza.

"Unachota machafu unayamwaga kwenye machafu," mshonaji alinung'unika. "Nimezeeka vibaya."

"Ni kama mtindi. Unachukua kidogo wa jana, unagandisha maziwa ya leo."

"Usinitajie maziwa hapa, wifi, nakuomba."

Walifanya hivyo siku tano mfululizo. Ya kwanza hakukuwa na badiliko, wala ya pili. Siku ya nne upande wa jua ukaanza kuwa na utando wa kijani, mwembamba kama vumbi.

Mkaguzi alikuja na sanduku la chupa. Alichota maji kila bwawa, akatumbukiza kipimo kinachoonyesha hewa iliyomo ndani yake. Kwenye bwawa la kwanza alikawia. Wanawake walisimama nyuma ya uzio, wakinyoosha shingo.

"Hewa ya hili imeshuka kuliko mwaka jana," alisema.

"Liliugua," shangazi akajibu.

"Bwawa liliugua?"

"Mafua."

Mkaguzi alimtazama, akakitazama kipimo tena. "Basi limepona. Hewa inatosha." Akatia saini.

Mshonaji alipiga yowe, mkaguzi nusura aangushe chupa zake.

Mchana ule wageni walimiminika kwa shangazi kumpongeza. Hawakumwona. Mume wake alikuwa ameketi mlangoni, kidole mdomoni.

"Rudini kesho," aliwanong'oneza. "Anakoroma, na mimi sitaki kuuawa."