Sumaku Kumi na Mbili za Gauni la Beth

Kahiga wa Thika ana sifa mbili mtaani: hakuna spika ya kanisa iliyomshinda kufufua, na aliachwa na mke kwa sababu ambayo mji mzima unaijua. Sababu yenyewe ilikuwa na saluni Makongeni. Beth alibeba sufuria zake akaenda Ruiru kufungua duka la nyuzi, na kwa miaka tisa hakumpigia hata simu ya Krismasi.

Kisha kiharusi kikamlegeza Beth mkono wa kulia. Binti yao Emmah akamleta kwa gari hadi mlangoni kwa Kahiga. "Mimi nashinda kazini, na wewe bado ni mume wake," alisema. Beth, akiwa hajashuka garini, akaweka sharti: "Siku nitajifunga gauni mwenyewe, narudi dukani kwangu."

Basi kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Kahiga ananawa mikono kwa maji ya moto ili isimshtue mtu shingoni, anaanza vifungo vya gauni la Beth. Ni sita. Mwanzoni Beth aliangalia dari kama anayedungwa sindano. Lakini wiki zilivyosonga, wakifika kifungo cha tatu anaanza hadithi za wateja wake, na cha tano anacheka. Kahiga, mtu wa kufungua spika kwa dakika tatu, akawa anahitaji dakika ishirini kwa vifungo sita.

"Baba Emmah," Beth akasema siku moja, "si spika zako zimejaa sumaku? Nishonee sumaku mahali pa vifungo."

Kahiga alikuwa na sumaku alizong'oa kwenye kompyuta zilizokufa, kali ajabu, ila kubwa. Lazima zikatwe vipande vidogo. Na alijua vizuri sana kwamba sumaku ikipata moto, nguvu inatoka. Kwa hiyo mwenzetu akachukua grainda ya kukatia chuma, akakata kavu bila maji ya kupoza, cheche zikaruka kama harusi ya tajiri. Vipande vilivyobaki havikuweza kuinua hata pini.

"Zimekataa, Mama Emmah," alisema kwa uso wa matanga.

"Zote?"

"Zote."

"Pole. Jaribu tena."

Aliua sumaku mara tatu kwa makusudi, na mara tatu akapewa pole.

Asubuhi moja alirudi chumbani kuchukua miwani. Beth alikuwa ameketi kitandani, ameupa mlango mgongo, kidevu kifuani, anauma kifungo kwa meno huku mkono wa kushoto ukivuta kitambaa. Kola ilikuwa imelowa mate. Kahiga aliondoka bila miwani.

Alienda kwa Anish, anayekata tiles kwa mashine ya maji.

"Usisukume, mzee," Anish alimwambia. "Wacha diski ikate polepole. Ukisikia joto kidoleni, simama."

Mchana mzima, maji yakimwagika, tope jeusi hadi viatuni: vipande kumi na viwili. Akavipaka rangi ya kucha visishike kutu, ile nyekundu Beth aliyoipenda zamani. Akaweka alama kwenye nyuso zinazovutana, maana zikigeuzwa zinasukumana kama wao wawili.

Jumapili Beth alisogeza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Tak. Tak. Hadi sita. Akacheka, akalia, akamshika Kahiga shavu.

"Kulikuwa na kitu kidogo nilikosea," Kahiga akasema.

"Ile grainda nilikuwa naisikia, Baba Emmah. Hukuwa unatumia maji."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja uchoke." Akaukunjua ukosi. "Halafu na mimi nikazoea."

"Basi baki."

Beth aliifungua sumaku ya juu, akaifunga tena. "Ungeniambia hivyo kabla ya saluni," alisema.

Jumanne Emmah akaja na gari. Beth alifunga gauni mwenyewe hadi shingoni na kumpa Kahiga mkono wa kushoto wa kwaheri.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu, Kahiga alichemsha maji akanawa mikono. Alikuwa tayari mlangoni mwa chumba, vidole vina joto, alipokumbuka.