Kijitabu cha Babu Kupitia Waya

Upumbavu wangu nautaja mwenyewe kwanza, ili binamu yangu akose raha ya kuutaja: nilifuta kijitabu cha mazishi ya babu kwenye kompyuta kuukuu kabla ya kuangalia kama kimefika salama kwenye mpya.

Ilikuwa Ijumaa mchana, nyumbani kwa babu nje ya mji wa Bungoma, na mazishi ni kesho yake. Mama alikuwa amekichapa kwenye kompyuta ya marehemu, sanduku la rangi ya meno yasiyojua mswaki, ambalo mdomo wake wa disketi ulikufa kabla ya babu mwenyewe. Printa nayo ilielewana tu na kompyuta yetu, tuliyoitoa mtaani kwetu Tuwan, kule Kitale, imefungwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Na kilichoandikwa hakikuwa mchezo. Babu aliacha wake watatu. Mama alibembeleza jioni mbili mpaka nyanya zangu wakakubaliana watoto wa nyumba gani watajwe kwanza.

Binamu, ambaye cheti chake cha kompyuta amekitia plastiki utadhani ni cha ndoa, akaunganisha mashine kwa waya, akafungua programu ya terminali pande zote mbili, moja itume na nyingine ipokee.

"Usiguse, bana," akaniambia. "Hii si redio."

Kisha mtaalamu wetu akafuata harufu ya nyama.

Nikagusa. Kulikuwa na njia mbili: tuma faili, au tuma maandishi. Sasa kijitabu si ni maandishi? Nikabonyeza maandishi. Upande wa pili herufi zikamiminika kama unga wa kinu, nikajiona profesa. Nikafuta nakala ya zamani, maana kwa akili yangu gunia likishahamishwa halifai kuacha lingine ghalani.

Nilipofungua nakala mpya nikakuta vijisanduku, nyuso za kucheka, na jina la babu peke yake katikati, kama mtu asiyezaa.

Binamu akarudi, midomo inang'aa mafuta. "Ati ulituma kama maandishi? Hiyo ni ya herufi tupu, na alama zilizofichwa ndani ya kijitabu huvuruga zote. Kijitabu hutumwa kama faili, mjinga wewe."

"Si ungesema kabla ya nyama?"

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaitazama skrini, akafunga leso yake upya.

"Sasa hivi nawaita nyanya zako wote watatu. Chukua kiti ukae katikati yao, uwaulize wewe watoto wa nani wanatangulia."