Wake Wenza wa Chupa Moja

Mtaani kwetu, mtoto aliyeanza mwaka wa masomo akiwa na kaptura iliyovuka magoti hakuulizwa nani alimshonea. Mama Sare, fundi wa sare za shule, alishona kwa kutazama mbele. Aliacha pindo pana ili nguo ivaliwe mwaka huu na mwaka ujao, na mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe anafanana na aliyeazima suruali ya babu yake alijibiwa kwa upole, "Mtoto hukua bure, mwenzangu. Kitambaa hakikui."

Cherehani yake ya miguu ilikaa chini ya dirisha, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoishi na mumewe fundi ujenzi, watoto wao, na mama mkwe ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wa nyumba hiyo. Kazi za ujenzi zilikuja na kukatika. Cherehani haikukatika, na kwa hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

Uvimbe aliougundua titini akioga ulithibitishwa kuwa saratani. Upasuaji ulikwenda vizuri, na hadi leo Mama Sare huwataja madaktari wale kwa heshima. Hospitali ilikuwa ya umma, nao walimtoza kidogo walipoweza. Kilichomwelemea ni dawa ya dripu iliyofuata, ambayo stoo ya hospitali haikuwa nayo na ilibidi inunuliwe nje. Chupa moja haikumtosha, mbili zilimzidi. Dawa ile ikishafunguliwa hutumika siku hiyohiyo au humwagwa, kwa hiyo kila awamu alinunua chupa mbili, na sehemu kubwa ya ile ya pili ikaishia kwenye ndoo ya taka za hospitali. Liliuzwa kabati, ikauzwa baiskeli ya mume, kikauzwa hata kitanda cha wageni.

"Wageni watalala wapi?" aliuliza mume.

"Wageni wenyewe siku hizi hawaji," alisema mama yake. "Wanaogopa kuombwa mchango."

Baada ya awamu ya tatu, hapakubaki cha kuuza ila cherehani. Mnunuzi akaja, akaizunguka, akakanyaga pedali mara mbili, akaahidi kurudi na fedha.

"Ukiiuza, utapona ule nini?" aliuliza mama mkwe.

"Nisipoiuza, mama, nitakula nikiwa wapi?"



Mama Sare alichagua njia ya katikati. Alikwenda hospitali kumwomba muuguzi wa wodi ya dripu amsogezee tarehe kwa miezi miwili, hadi msimu wa sare upite. Muuguzi yule, mwanamama mnene asiyependa maneno mengi, alimsikiliza hadi mwisho.

"Ugonjwa huu hausubiri msimu, dada," alisema. "Nyumbani usiuze kitu kwanza. Keti hapo."

Akapekua mafaili yake, kisha akaeleza. Walikuwapo wanawake wengine wawili waliotumia dawa ileile, waliofikia awamu ileile, kwa kipimo kinachokaribiana na chake, ila kila mmoja alikuja siku yake na kumwaga masalio yake. Daktari akiafiki tarehe zao zisogezwe kwa siku chache, watatu hao wangeketi pamoja, na chupa nne zingetosha mahali pa sita. Sharti lilikuwa moja: waje wote, siku moja, kabla ya saa sita mchana, wakati chumba cha kuchanganyia dawa kinapofungwa. "Sifungui chupa mpaka niwaone watatu wenu vitini," alisema. "Akikosa mmoja, hesabu yote imeanguka."

Daktari akaafiki. Mnunuzi wa cherehani alipokuja, aliambiwa asubiri. Naye akajibu kwamba atapita tena baada ya awamu ijayo, kana kwamba ana hakika itauzwa.

Hivyo ndivyo Mama Sare alivyokutana na mpishi wa shule, mtu mzima mwenye sauti ya kuita watoto mia, na muuza mboga ambaye alikuwa bado kijana. Mpishi ndiye aliyewapa jina siku ya kwanza.

"Tunagawana chupa moja kama wake wenza wanavyogawana mume," alisema. "Mimi mke mkubwa, sibishani na mtu."

"Mume mwenyewe katunyoa nywele zote!" alisema muuza mboga.

"Ana wivu. Hataki tutazamwe na wengine."

Walicheka mpaka muuguzi akawaonya. Mama mkwe, aliyekuwa amemsindikiza mkwewe, hakucheka. "Mimi nimeishi na mke mwenza kwa kweli," alisema. "Msilifanyie mzaha."

Awamu mbili zilipita salama. Siku ya awamu ya sita, saa nne, kiti cha mke mdogo, yule muuza mboga, kilikuwa kitupu. Fedha yake ya dawa ilikuwa imekwisha kufika kwa mpishi, aliyekusanya ya wote, na chupa nne zilikuwa mezani kwa muuguzi, zimefungwa. Mpishi alipiga simu, haikupokelewa. Saa tano ikapita. Mama Sare aliitazama saa ya ukutani huku akimwona mawazoni mnunuzi akikanyaga pedali. Akapiga yeye.

"Mke mdogo, uko wapi?"

"Niko njiani, dada." Alikuwa akihema.

"Umepanda nini?"

"Miguu. Mboga zilioza juzi, sikubakiwa na nauli. Mmenisaidia sana, niliona haya kuwaomba tena. Nimetoka alfajiri. Nimefika kwenye kiwanda cha matofali, ila kizunguzungu kimenikalisha."

"Ona haya kesho! Leo baki hapohapo, usisimame."

Mume wa Mama Sare alikuwa kazini, mbali. Kabla Mama Sare hajajua la kufanya, mama mkwe, aliyemsindikiza siku hiyo pia na kusikia yote, alikwisha simama na kuikaza kanga yake kichwani. Bibi huyo hakuwa amepanda pikipiki tangu azaliwe, na mara nyingi aliwaita wanaopanda watu waliochoka kuishi. Alitoka nje ya geti, akamwita mwenye pikipiki wa kwanza aliyemwona, akapanda upande upande.

Walirudi zikiwa zimesalia dakika chache, watatu juu ya pikipiki moja, mgonjwa katikati. Bibi aliteremka, akamwongoza muuza mboga hadi kitini, akamfuta uso kwa pindo la kanga.

"Wake wenza gani nyinyi mnaongojeana?" aliwaambia. "Wangu angefunga mlango kwa ndani." Akageukia upande wa dirisha.

Muuguzi alimpima muuza mboga, akamnywesha maji, akampa daktari taarifa. Jibu lilipokuja kwamba anaweza kuendelea, alifungua chupa ya kwanza. Mwenye zamu ya kufunga chumba cha dawa alisubiri nje bila kunung'unika, na Mama Sare humtaja yeye pia anapowashukuru watu, ingawa hajui hata anakaa wapi.

Tangu siku hiyo nauli ya mke mdogo ilichangwa kabla ya kila kitu. Mnunuzi wa cherehani alipita mara mbili zaidi, akaikuta ikilia, akaacha kupita.

Siku ya dripu ya mwisho, daktari alipowaambia kwamba wamemaliza na sasa watakuja kwa uchunguzi tu, kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuamini.

"Kwa hiyo tumeachika?" aliuliza muuza mboga.

"Talaka kamili," alisema mpishi. "Watatu kwa mpigo."

Aliyepiga kigelegele cha kwanza alikuwa mama mkwe.