Aliyekuja na Pikapu

Wengi wanaosimulia mambo ya namna hii hukwambia yalitokea usiku wa manane. Langu lilitokea saa kumi jioni, mvua inanyesha, na macho yangu yalikuwa mazima kama yako. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, kabla hatujahamia kijiji kipya. Nilikaa Ihanja na mke wangu, Monika, na nilikuwa na lori dogo kuukuu la kubebea mahindi na kuku kwenda Singida mjini. Likipanda kilima kidogo tu linachemsha. Ukilizima haliwaki mpaka lisukumwe. Nililivumilia, maana ndilo lililotulisha. Kisha Monika akashikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, na lori likatufia njiani kabla hatujafika hospitali. Mtoto tulimzika. Monika hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Aliposhika mimba tena niliuza ng'ombe, nikaenda mjini kutafuta gari lingine. Nikaelekezwa kwa Mzee Rajabali, Mhindi mwenye duka karibu na soko. Alikuwa na pikapu iliyotunzwa vizuri, kiti chake cha mbele kirefu, watu watatu wanaenea. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

"Mzee, ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa," alisema. "Mimi ndiye nimechoka nayo." Akanipa funguo akiwa anatazama pembeni.

Siku ya Monika ilifika wakati wa mvua kubwa. Nilimweka mbele, tukaondoka. Tulipofika kwenye korongo, maji yalikuwa yanapita juu ya barabara. Nikataka kuingiza gia ya pili, ikagoma, nikailazimisha, injini ikazima. Monika akanitazama. Alikuwa anafikiria kile kile nilichokuwa nafikiria mimi.

Ndipo mlango wa upande wake ukagongwa. Alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, mtandio kichwani. Akamsalimia Monika kwa Kinyaturu, Kinyaturu cha mtu aliyekulia kwetu, akamwambia asogee. Monika akasogea, mama akapanda, akafunga mlango.

"Baba," akaniambia, "gia ya pili hailazimishwi. Ipe muda, itaingia yenyewe. Haya, washa."

Nikawasha. Ikawaka.

Utaniuliza kwa nini sikumwuliza ametoka wapi. Ungekuwa wewe ungeuliza? Mke wangu alikuwa anaumwa uchungu, gari limewaka, maji yanapanda. Niliona kwamba nguo zake zilikuwa kavu, naapa niliona, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria. Alimshika Monika mkono njia nzima, akimwongelesha kwa Kinyaturu, mara amwambie apumue, mara amtanie kuhusu masikio yangu. Monika alicheka. Katikati ya uchungu ule, mke wangu alicheka!

Hospitalini muuguzi akaja mbio, tukamshusha Monika. Nilipogeuka nimshukuru yule mama, kiti kilikuwa kitupu. Nikamwuliza muuguzi ameelekea wapi.

"Mama yupi?" akasema. "Mmeshuka wawili tu."

Mtoto alizaliwa salama, msichana, analia kwa nguvu. Na neno la kwanza la Monika nilipoingia lilikuwa hili: "Yule mama umemshukuru?"

Kesho yake nilikwenda dukani kwa Mzee Rajabali. Alikuwa anapima sukari. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Nilipofika kwenye ile gia ya pili, alikaa chini juu ya gunia.

"Huyo ni Maryamu, mke wangu," alisema. "Baba yake alikuwa na duka kwenu Ihanja. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia nipeleke wajawazito hospitali, na yeye mwenyewe akikaa nao kitini. Amefariki huu mwaka wa tatu."

Mzee akaendelea, taratibu.

"Wajawazito wanamwona, na wanaowasindikiza pia. Watu wengi wamekuja hapa kumshukuru, kama wewe. Miaka mitatu nimeiendesha pikapu hiyo. Niko pale pale kwenye usukani, yeye yuko pale, na mimi sioni kitu. Mimi, mume wake! Nikaona bora niiuze." Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alisema lolote kuhusu mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilisema, "Hapana, mzee. Alikuwa anamshughulikia mgonjwa."

"Ndivyo alivyo," akasema, akafuta macho.

Nilipomweleza Monika, alinikasirikia. "Umemwacha hivyo hivyo? Mlete amwone mtoto." Kwa hiyo siku arobaini za mtoto zilipopita nilimfuata mzee. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akavaa koti. Ndani ya pikapu alikaa mlangoni kabisa, akaacha nafasi katikati.

Tulipokuwa tunashuka kwenye korongo, lililokuwa kavu sasa, niligeuza macho kidogo, na yule mama alikuwepo. Sikuogopa, niamini. Nilisema, "Mzee, yupo."

"Wapi?"

"Hapa katikati yetu. Ameweka mkono juu ya goti lako la kulia."

Mzee alishusha kiganja chake polepole juu ya goti, kama mtu anayefunika kifaranga. "Amevaa nini?"

"Mtandio wa kijani."

Alicheka na kulia kwa pamoja. "Huo yeye hakuupenda. Mimi ndiye niliyeupenda." Kisha akasema, "Endesha taratibu, mwanangu."

Niliendesha kama mtu anayesindikiza wagonjwa. Mzee akaanza kumpa habari za nyumbani: binti yao aliyeko Mwanza amejifungua mapacha, paa la stoo linavuja, ufunguo wa sanduku lake bado haujaonekana. Mke wake alimsikiliza, amemtazama usoni tu. Mapaa ya Ihanja yalipoonekana sikumwona tena.

"Ameshuka," nikasema.

"Najua," akajibu mzee. "Mkono wangu umepoa."

Alimbeba binti yetu mpaka jua likazama. Tulimwita Maryamu, jina ambalo halikuwa geni kanisani kwetu wala msikitini kwake. Mzee Rajabali alifariki kabla mtoto hajaanza kutembea. Pikapu niliiendesha miaka mingi, nikapeleka wanawake wengi hospitali, na hakuna hata mmoja aliyemwona tena mama wa Kihindi.

Monika naye ametangulia. Sijawahi kumwona, na nimeangalia sana. Lakini kila jioni nakaa mlangoni namweleza ya siku nzima, nani ameoa, mbuzi yupi amezaa, na majirani husema uzee umeniingia kichwani. Waache waseme. Wewe ukinunua gari la mtu, au ukihamia nyumba ya mtu, uliza kwanza nani alipenda kukaa wapi. Na kiti kikiwa kitupu, usikitolee maneno mabaya. Hujui nani anakusikiliza.