Fedha Ziko Bondeni

Kwetu kijijini Mbingu, mtu akisema anakwenda bondeni, anakwenda kwenye mpunga. Hakuna anayeuliza bonde gani. Ukimkosa jirani kwake, watoto watakwambia yuko bondeni, nawe unajua utamkuta na jembe, matope mpaka magotini. Neno hilo lilikuwa letu mpaka ofisi ya maji ilipolichukua. Mamlaka inayosimamia mito ya huku ina jina refu, lakini wafanyakazi wake hulifupisha, wanasema Bonde. Bonde limeidhinisha. Bonde halijapitisha. Bonde lenye viyoyozi na mlinzi getini!

Mimi ni mjumbe wa jumuiya ya watumia maji ya mfereji wetu. Kazi yangu ni kuwahimiza wenzangu walipe ada, maana kisheria huwezi kumwagilia maji ya mto bila kibali, na kibali hakidumu bila ada. Kazi hiyo nimeifanya kwa mdomo mkali. Kuna wanaume niliowasema mbele ya wake zao. Niliwaambia ada hiyohiyo ndiyo itakayotengeneza banio likiharibika, yaani ule ukuta wa zege unaoyainua maji ya mto yaingie mferejini. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye semina.

Masika iliyopita, gogo lilishuka na mafuriko, likalikunja lango la banio na kung'oa kipande cha ukuta. Mto ukarudia njia yake, mfereji ukabaki tope tupu. Kisha mvua nayo ikakata mapema, wakati mpunga ndio kwanza unabeba mimba. Mpunga wenye mimba ukikosa maji unatoa mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Shamba langu liko mkiani mwa mfereji, na ndilo linalotulisha mwaka mzima, mimi, wanangu na mama mkwe wangu.

Tukawapigia simu. Akaja ofisa wa Bonde, kijana mpole, anamwamkia kila mtu mzima shikamoo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja kwa bodaboda, na nauli tukamlipia sisi. Gari lao lilinunuliwa na mradi wa wafadhili. Mradi ulipoisha, mafuta nayo yakaisha, gari likabaki limeegeshwa ofisini. Alitueleza yote bila kuficha. Ada zetu huingia kwenye akaunti ya makao makuu, zikachanganywa na za mito mingine yote. Huko hupangiwa bajeti, na bajeti huanza na kuendesha ofisi, kisha vikao. Ukarabati ulikuwa ukitegemea mradi.

"Sasa ada zetu za miaka yote ziko wapi?" nikamuuliza.

"Fedha ziko Bondeni, mama. Tusubiri zishuke."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi kwenye tuta la mfereji, akadakia, "Bondeni shamba la nani, baba? Tuambie, wajukuu wakazichukue sasa hivi."

Hakuwa anatania. Alisikia neno lake akalielewa. Watu walicheka mpaka wakakohoa, na yule kijana naye akacheka. Mimi sikucheka. Ada hupanda huko kwa simu, kufumba na kufumbua, lakini kushuka inangoja mwaka mpya wa fedha. Na mpunga haujui mwaka wa fedha. Nilimwambia hivyo, akaniitikia, "Nakuelewa, mama." Jibu hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Hatukungoja. Tulijaza mchanga kwenye viroba, wanaume wakaingia mtoni, wanawake tukawa tunapokezana mizigo ukingoni. Mgongo uliniuma mpaka nikashindwa kuinama. Maji yakarudi, yakafika mashamba ya juu, halafu ya katikati. Yalipofika mkiani, mpunga wangu ulikuwa umeshachanua ukiwa mkavu.

Baada ya mavuno yule kijana akarudi, akanikuta uani napepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, Bonde limesikia mmefanya kazi ndani ya mto bila kibali. Hilo ni kosa, lina faini. Halafu kuna ada ya mwaka huu."

Sioni haya kusema kwamba mchi ungekuwa karibu ningeushika. Nikamwambia akinge mikono. Akakinga yote miwili kwa adabu, akidhani nampa kitu cha kupeleka nyumbani, nami nikammiminia mapepe kutoka kwenye ungo. Upepo ukayachukua karibu yote kabla hajafumba vidole.

"Hiyo ndiyo ada yangu," nikasema. "Ipeleke Bondeni. Na ukifika, waambie huku bondeni tunanunua mchele."